Mume Wangu Ameamini Mizani ya Dalali wa Maembe

Mpendwa Shangazi Kadra,

Muna mwanangu wa miaka miwili ametoka kukwama sasa hivi, kidole chake kimeingia kwenye tundu la kava ya cheni ya pikipiki ya babake kikakataa kutoka, nikampaka mafuta ya kupikia nikavuta pole pole huku nikimwimbia, kimetoka, sasa ametulia anakinyonya kwa sababu kina ladha ya chapati, ndio nami nimepata nafasi ya kukuandikia, Shangazi, naomba unisaidie na usinicheke.

Mimi ni mke wa Sadik, fundi wa pikipiki hapa Garsen. Shule niliiachia darasa la sita kwa hiyo ukiona herufi zimepigana nisamehe, lakini mambo nayaelewa. Mume wangu amerithi pikipiki ya babu yake, ya mwaka wa sabini na tatu, babu alikuwa akibebea dawa za chanjo za ng'ombe kwenda kwa Waorma huko bondeni, na tangu afariki ilikuwa inatagiwa mayai na kuku. Basi mume wangu akasikia kuna mbio za pikipiki za kale zitafanywa Malindi baada ya Idi, wallahi tangu siku hiyo sina mume, nina drili.

Ananiambia, "Mama Muna, mbio hazitaki nguvu, zinataka wepesi." Akatoa taa, akatoa keria, akatoa madigadi ya kukinga matope, akatoa hata stendi, sasa pikipiki inasimama kwa kuegemea ukuta wa jiko langu kama mgeni asiyejua kuaga. Vilivyobaki anavitoboa matundu, eti kila tundu ni gramu. Biti mpya ya drili aliijaribu kwenye kifuniko cha sufuria yangu, tangu hapo wali unatoka mbichi juu na umeungua chini. Halafu ile sufuria yangu kubwa ya alumini niliyopewa na shangazi zangu siku ya arusi, nimeikuta imekatwa katikati, nikauliza Baba Muna hii nini, akanitazama kwa mapenzi kabisa akasema, "Mke wangu, wewe ulikuwa unaona pilau. Mimi nilikuwa naona madigadi."

Shangazi sikukasirika sana, kusema kweli uso wake akiwa na ile pikipiki unang'aa kama siku aliyokuja kwetu kuposa, na mimi nilikuwa natamani ashinde, hata nguo ya kwenda nayo Malindi nimeshaichagua.

Shida ilianza kwenye mizani. Kwenye simu aliona mzee wa Kizungu mwenye pikipiki kama hiyo ameipunguza mpaka kilo themanini, naye akaapa na yake itafika themanini. Tukaisukuma hadi dukani kwa jirani yetu Barwako, mwenye mizani ya kupimia magunia ya sukari, ikasoma kilo tisini na tatu. Wiki mbili za kutoboa! Sadik akakaa chini kwenye gunia. Barwako ana mdomo, akamwambia, "Baba Muna, panda na wewe tuone, si mtakimbia pamoja?" Akajibu, "Mimi si pikipiki." Barwako akasema, "Ndiyo, pikipiki imekonda."

Akarudi nyumbani hali chakula, akaanza kuitazama ile pedali ya breki ya mguu, akasema hiki ni chuma kizima, humu mna nyama. Moyo wangu ukaruka. Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo sijamwambia mtu. Nikamwambia, "Labda mizani ya Barwako ni mbovu, kwa nini usiipime kwa Menza?" Menza ni dalali wa maembe, mizani yake inaning'inia kwenye boriti ya stoo, na hakuna mtu wa huku Tana asiyeijua. Gunia la maembe la kubebwa na wanaume wawili, mizani ya Menza inakwambia kilo thelathini. Sadik mwenyewe msimu uliopita alisimama pale pale akapiga kelele, "Menza, mizani yako inakula kuliko ng'ombe!" Nilijua, Shangazi. Nilimpeleka makusudi ili apate kilo zake themanini aridhike aweke drili chini.

Wakaifunga kamba wakaining'iniza. Kilo themanini na moja! Sadik alimkumbatia Menza. Akamwita "ndugu yangu mwaminifu." Mimi nikapiga kigelegele cha uongo.

Lakini hakuridhika, badala yake sasa anasema imebaki kilo moja tu, na hiyo moja iko kwenye breki. Nikimwambia mizani ni ya wizi atajua nilimdanganya na atavunjika moyo, na nisipomwambia atatoboa breki, na mimi nampenda na Muna anampenda, tena ndiye anayembeba mgongoni kila asubuhi, sasa ananiita huko nje, "Mama Muna! Njoo unishikie hii pedali isicheze!" na mimi sijui nimwambie sasa hivi au kwanza ni

*(Nyuma ya karatasi, kwa mwandiko mwingine: "Ameitwa hakurudi kuimaliza. Nimeipiga picha nakutumia ilivyo. Mimi Barwako, jirani. Mpaka sasa pedali ina matundu mawili.")*

SHANGAZI KADRA ANAJIBU

Mwanangu Mama Muna,

Jibu hili nimelituma kwa simu ya Barwako kabla halijafika gazetini, kwa sababu drili haingoji gazeti.

Sitakucheka, ingawa umeniweka katika majaribu makubwa. Una moyo mzuri na akili timamu, lakini ulitaka kumzuia mtu asitoboe kwa kumpa habari njema. Mwanamume akipewa habari njema huongeza bidii, hukuambiwa hilo siku ya singo, walipokusugua uwe bibi arusi?

Msimu mzima wa maembe mnamwita Menza mwizi. Juzi kaiba kilo za pikipiki, mumeo kamkumbatia na wewe umempigia kigelegele. Wizi wake ni ule ule. Ila safari hii wizi huo umewafurahisha nyinyi.

Mimi pikipiki sizijui, kwa hiyo nilimpigia mzee Johnson, fundi ambaye ameshatayarisha nyingi za mbio kama hizo. Kava ya cheni kutobolewa, akasema sawa. Taa na keria kutolewa, sawa. Nilipofika kwenye pedali ya breki akauliza, "Huyo mtu ana watoto?" Anasema chuma kinachobeba mzigo hakitobolewi kwa kubahatisha: breki, ekseli, usukani, fremu. Pedali yenye matundu mawili sasa ni chuma chakavu. Itolewe, itafutwe nzima, hata ikiwa nzito kuliko ile ya kwanza.

Ameniambia tena kwamba mbio nyingi za pikipiki za kale hukagua kila kifaa kama ni cha enzi zake. Muulize mumeo: sufuria ya arusi ni ya mwaka gani? Asipoweza kujibu, akununulie nyingine.

Na wewe Sadik, najua utasomewa haya. Kilo moja unayoitafuta kwenye breki iko chini ya kifungo cha tatu cha shati lako, na wenzake wako hapo pia. Hao hawahitaji drili. Punguza sahani ya pili, panda mizani ya Barwako bila kununa, na usiseme wewe si pikipiki. Kwenye ile kona ya kwanza mtakuwa kitu kimoja.

Mama Muna, acha kutafuta maneno matamu. Weka kalamu, weka simu, nenda ukasimame kati ya mumeo na ile pedali umwambie hivi: "Baba Muna, Menza alikuibia kilo, na mimi ndiye niliyekupeleka, kwa sababu naogopa kukuzika." Usiongeze kitu. Usilie kabla hajajibu.

Atanuna siku tatu, pengine wiki nzima, atakula kwa jirani, atajibu salamu kwa kukohoa. Mwache anune. Mume aliyenuna ni mume aliye hai.