Kifaa cha Idi Kinabisha Mbau

Jumatatu, 3 Machi

Butembo. Ukungu mpaka saa nne. Groupe, jenereta yetu, imezimika mara mbili, fundi amelalamika mafuta ni machafu. Nimefungua écran ya komputa, nimeangalia minara yangu ya simu kama kila asubuhi: Butembo, Kayna, Beni, Mbau. Yote inapumua.

Chef Donat amepiga kutoka Kinshasa. Clients banalalamika, video zinakwama. Anataka nipunguze nafasi ya vifaa vidogo ku minara yote, mbele ya Ijumaa. Ni vile vya kufuata camion, malori ya mizigo, mu barabara, vile vya kupima baridi ya frigo za chanjo. Antena moja, batri ndogo, sauti dhaifu. Simu zikipiga kelele, munara hauvisikii. Njo maana tulivikatia kipande chao cha réseau, mtandao. Chembamba. Sasa hata icho banaona ni kingi.

Nimesema ndiyo. Sijagusa kitu.

Jumanne, 4 Machi

Kifaa cha Idi kimebisha hodi.

Idi, chauffeur wa camion, mutoto wa Hadji Ramazani wa Beni. Camion yake ilichomwa na wauaji ba mu pori wiki mbili zilizopita, barabara ya Mbau kwenda Oicha. Bamekuta camion. Idi, hapana. Kifaa kilinyamaza siku ile ile, na sisi wote tulisema kimeungua.

Leo munara wa Mbau umekisikia. Kidogo sana, kisha kimya. Mchana, tena.

Sijamwambia mutu.

Jumatano, 5 Machi

Nimeelewa. Tangu camion ichomwe, batu bengi bamehama Mbau. Simu zimepungua, kelele imeshuka. Njo sababu munara unasikia. Ilibidi batu bakimbie kwanza.

Kifaa kiko mbali, chini ya miti. Kinarudilia neno moja mara nyingi ili kisikike, na kila kurudilia kunakula nafasi. Kubisha ni kufupi, kunapita. Kusema pahali kiko ni kurefu, kunakatika katikati.

Nimepigia chef.

«Kavira, ile kifaa moja itakula nafasi ya simu za mutaa muzima. Uitoe mu système.»

«Chef, iko ya mutu.»

«Iko ya camion. Na camion iliungua.»

Nimelia mu toilette, kwa hasira. Ubaya ni kwamba hana makosa yote. Bale babakia Mbau banaonyana kwa simu. Mutu akiona wauaji banatoka mu pori, anapiga, kijiji kinakimbia. Nikimupa Idi nafasi, nitabaziba midomo. Kwa mutu ambaye pengine amekufa.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeenda Beni. Nyumba ya Hadji iko nyuma ya musikiti. Bamama bangali banaketi juu ya mikeka, hakuna maiti, hakuna mazishi, na hakuna mwenye kuthubutu kurudi kwake.

Nimemweleza Hadji yote. Amesikiliza na tasbihi mu mukono.

«Binti yangu, eko muzima?»

«Sijui, Papa Hadji. Kifaa hakitembei, kinaita kutoka umbali ule ule.»

Amesukuma punje tatu za tasbihi.

«Basi usinipe matumaini. Unipe pahali.»

Mama wa Idi alinifuata mpaka ku mulango. Aliniuliza: «Anasema nini?» Kama vile nimesikia sauti yake. Nilivaa viatu, nikatoka.

Ijumaa, 7 Machi

Nimepunguza Butembo, Kayna, Beni. Mbau, hapana.

Kinabisha, lakini kinakawia kuliko jana. Batri inaisha. Na mimi ninasikia kubisha kila pahali. Mufuniko wa sufuria. Nyundo ya jirani. Kanisani kwenye mazoezi ya kwaya, mutu alipiga ngoma kidogo kwa kidole, nikatoka inje.

Jumamosi, 8 Machi

Kesho asubuhi batu ba Mbau bako mu ibada, simu zinapumzika. Ningefunga simu zao kimya kimya, kifaa kisikike. Nimeshindwa. Sauti ni yao, si yangu. Nimepigia Pasteur Mbusa wa kule, nimemwomba ruhusa.

Hakufikiri mingi. «Tutaweka batu ku barabara na filimbi, pahali pa simu. Sisi pia tuko na bale hawakurudi.»

Hofu. Wakiuawa kesho ni mimi.

Jumapili, 9 Machi

Sikuenda kanisani. Nimefunga simu zote za Mbau, nafasi yote nimeipa kifaa kimoja.

Kimya. Hakikubisha. Nimeomba Mungu, nimetukana, nimeomba tena. Nilikuwa nimeshaanza kurudisha simu wakati kilibisha.

Kimesema pahali. Neno zima, mpaka mwisho.

Si ku barabara. Ni mu shamba la kakao, lile liliachwa, karibu na kijito.

Nimerudisha simu. Pasteur amepiga palepale: hakuna aliyepuliza filimbi. Kisha nimepigia Hadji, nimemupa pahali. Alisema tu «Alhamdulillah», akakata.

Jumanne, 11 Machi

Bamemupata. Basoda ba jeshi na bandugu yake bameingia pamoja.

Alikuwa ameketi, mugongo ku muti wa kakao. Kifaa kimefungwa ndani ya shati, nyaya zake zimekatwa kwa nguvu. Ni kusema alikitoa mwenyewe mu camion kabla moto haujaanza. Alijua kinaita. Muguu ulikuwa na kidonda, amekifunga na mukaba wake.

Mutu anayefunga kidonda anangoja kuja kuchukuliwa.

Aliishi muda gani pale, hakuna anayejua. Na munara hauhifadhi kubisha ambako haukusikia. Alikiweka ku kifua, kikaita, na simu zote zinapiga kelele juu yake. Sitajua kamwe ni siku gani ingetosha kumuokoa.

Ninauchukia munara. Leo sikuweza kula.

Alhamisi, 13 Machi

Jana bamemuzika Beni. Bamama bamerudi kwao. Mama wa Idi alinishika mukono, hakuuliza kitu tena.

Leo chef amepiga, amesikia habari ya Idi. Sauti ya chini. «Mbau uiache vile iko.» Nikasema ndiyo, chef.

Batu bamoja bameanza kurudi Mbau. Simu zinaongezeka kidogo kidogo. Mu kipande cha vifaa vidogo, hakuna anayebisha. Nimekiangalia muda kidogo.

Kisha nimefunga mulango wa bureau, nimerudi nyumbani. Mvua. Mama yangu alikuwa anamenya maharagwe mabichi. Nimevuta kiti, nimekaa karibu yake, tumemenya.