Mahali pa Kumlilia Zakaria

Jumanne, 4 Oktoba 2016. Louisville

Nimerudi kazini miguu imevimba. Mama alikuwa dirishani anachambua maharage. Ameniuliza tena kama simu yake imeshatengenezwa. Nikasema bado. Simu ni nzima. Iko kwenye kabati la bafuni, nyuma ya sabuni, imezimwa.

Zakaria amekufa. Nimeliandika, sasa liko hapa. Kaka yangu, yule aliyekataa kuondoka milimani kwetu Kivu Kusini kwa ajili ya ng'ombe. Tumbo. Walimbeba kwa kipoyi, machela ya miti, kuelekea hospitali, akafia mabegani mwao. Walimzika Jumamosi. Binamu alipiga kutoka Uvira. Alinipigia mimi, namshukuru Mungu, si Mama.

Kwetu mama haambiwi kifo cha mtoto kwa simu, wala akiwa amesimama, wala akiwa na njaa. Watoto wanakusanyika, anakula kwanza, kisha mkubwa anasema. Mkubwa wetu ni kaka Elia, tunamwita Yaya, yuko Buffalo. Neema, mdogo wetu, yuko Columbus. Hawapati ruhusa kazini mpaka Ijumaa. Donc, basi, nangoja. Kanisani nimewaomba wanyamaze. Nashindwa kumtazama Mama usoni.

Jumatano, 5 Oktoba

Mama amepika sombe, majani ya muhogo. Nimekula yote. 

Alhamisi, 6 Oktoba

Tumezungumza kwa simu, sisi watatu, mimi nikiwa ndani ya gari ili Mama asisikie. Swali ni wapi.

Baba alipofariki katika kambi ya wakimbizi, miaka miwili iliyopita, tulimwambia Mama hapahapa sebuleni. Alilia kama watu wanavyolia kwetu, kwa sauti yote, akimwita Baba kwa majina yake. Haukupita muda polisi wawili wakawa mlangoni, mkono kiunoni penye bastola. Kuna jirani alidhani mtu anauawa. Mama alijisokomezea kitenge mdomoni. Tangu siku ile hajalia tena, hata kwenye misiba ya wengine. Anasema kifua kimebana. Daktari amepima, haoni kitu.

Neema anasema tumpeleke milimani, Smoky, kule Tennessee. Amesoma kwenye intaneti vitu vya kutazama: maporomoko, dubu, kulungu wakubwa wanaoitwa elki, kilele unachoonea milima mpaka macho yachoke. Huko ni pori, anasema. Hakuna jirani. Mama atalia mpaka amalize. Yaya amekubali. Na mimi nimekubali. Limeonekana jambo jema.

Ijumaa, 7 Oktoba

Yaya amefika na gari lake, amempitia Neema Columbus. Mama aliwapigia vigelegele kwenye ngazi. Alimzunguka Yaya, akamshika mbavu.

"Elia, Buffalo hawakulishi? Ama theluji ndiyo inakula chakula chako?"

Kisha akauliza nani anaolewa, maana hatukusanyiki bila harusi. Neema akasema tunakwenda kutembea, kuona wanyama.

"Wanyama? Miaka yote nimelinda ng'ombe wasiliwe na wanyama. Leo nichome petroli kwenda kuwasalimia?"

Tulicheka sote. Yaya alicheka mpaka machozi. Machozi hayakukatika, akaenda kunawa.

Jumamosi, 8 Oktoba. Milimani

Rebeka, binti yangu, ndiye aliyeendesha. Ana leseni mpya na hofu hana.

Baada ya Knoxville milima ikatokea. Buluu, ukungu umekaa mabondeni. Majani mekundu na ya manjano, rangi ambazo kwetu milima haivai. Mama alishusha kioo, akanusa.

"Huku kumenyesha," alisema.  Tulishusha vioo vyote, baridi ikaingia.

Jioni tulikwenda kwenye malisho ya elki. Nilidhani patakuwa patupu. Watu walikuwa wamejipanga ukingoni na viti vyao na kahawa na kamera ndefu kama bunduki, utadhani mkutano wa injili. Dume mwenye pembe kama mti akatoka msituni, akapiga mluzi mwembamba ambao hukuutegemea kwa mwili ule. Majike wakamfuata. Mtunza mbuga, dada mwenye kofia pana, akatuomba tusisogee.

Mama aliwatazama kwa macho ya mchungaji. "Yule jike wa pembeni anachechemea. Hakuna anayemwona?" Kisha akasema Zakaria angekuwa ameshawapa wote majina.

Yaya alikwenda kusimama nyuma ya gari.

Hakuna pa kulia pale.

Jumapili, 9 Oktoba

Maporomoko. Njia nzima watu, watoto, mbwa waliovishwa makoti. Kilele. Foleni ya magari. Juu kabisa ni kweli unaona milima nyuma ya milima, ule wa mwisho mwepesi kama pumzi. Nilikumbuka malisho ya Baba. Pazuri mno, na nilipachukia, kwa sababu kila tulipogeuka kulikuwa na mtu anaomba tumpige picha. Dubu tulimwona kando ya barabara, mweusi, amepanda mti anakula matunda. Magari yote yalisimama kwa ajili yake.

Yaya alishika usukani, akapanda na kushuka barabara zilezile.

"Elia mwanangu," Mama akasema, "unatafuta choo ama umepotea? Sema tu, hatutakucheka."

Alasiri tukapata meza ya mbao kando ya kijito. Hakuna mtu. Tulikula wali na kuku. Mama alikula vizuri. Yaya akasimama, akaanza kuomba. Aliombea safari. Aliombea majani. Aliombea dubu. Kwa Zakaria hakufika. Neema alinikanyaga mguu chini ya meza, basi nikasema mimi.

"Mama, Zakaria hatunaye tena."

Aliuliza nani alimzika. Tukamwambia. Aliuliza lini. Tukamwambia. Aliuliza kama siku ile ilinyesha. Hilo hatukulijua. Akafumba macho, akaweka mikono yote miwili juu ya meza.

Tulingoja. Maji yanapita tu.

Neema akasema, "Lia, Mama. Hapa hakuna mtu. Polisi hawaji. Ndiyo maana tumekuleta."

Mama akafumbua macho. Alitutazama mmoja mmoja.

"Donc mmenileta kwa wanyama, nilie kama mnyama? Mtoto wangu alikuwa mtu. Mimi nina nyumba. Nina mlango. Nirudisheni kwangu."

Hakulia. Yaya alikusanya sahani.

Jumatatu, 10 Oktoba. Louisville

Tumemrudisha Mama. Naona aibu. Tulidhani tunampa nafasi, kumbe tunamficha.

Nilipofika sikuvua viatu. Nilimchukua Rebeka tukagonga milango ya jengo letu, juu mpaka chini. Nilisema kwa Kiingereza changu, yeye akinisaidia penye kukwama: kaka yangu amekufa. Kesho mama yangu atalia. Atalia kwa nguvu, ndivyo tunavyolia. Tafadhali msiite polisi.

Dada wa Kikuba alinishika mikono, akaanza kulia yeye. Kijana anayefanya kazi usiku alipiga miayo, akasema sawa, ataziba masikio. Mlango mmoja haukufunguliwa, na televisheni ilikuwa inasikika ndani. Mzee Mmarekani wa ghorofa ya juu, mwenye mpira wa hewa puani, aliuliza saa ngapi. Nikasema kilio hakina saa.  Akauliza jina la marehemu. Nikamtajia. Alijaribu kulitamka, akakosea, akajaribu tena.

Sijui. Naogopa ule mlango mmoja.

Jumanne, 11 Oktoba

Mama ameoga. Ametandika mkeka sebuleni. Amefungua dirisha mwenyewe, wazi kabisa. Wanawake wa kanisa wamekaa ukutani, Yaya na Neema karibu yake.

Akamwita Zakaria. Alimwita kwa jina la utoto, akamwita kwa majina ya ng'ombe wake, akamuuliza amemwachia nani mama yake. Sauti ilifika kwenye maegesho ya magari. Mimi nilisimama mlangoni nikitazama barabara. Sikuweza kulia, nilikuwa mlinzi.

Polisi hawakuja. Alikuja yule mzee wa juu, ngazi moja moja, mkono mmoja ukivuta chupa yake ya hewa. Nilimpa kiti. Alikaa na kofia mapajani mpaka Mama alipochoka. Kisha akapanda kwake. 

Ijumaa, 14 Oktoba

Yaya na Neema wamekwisha ondoka. Mama hana sauti kabisa, anaomba chai kwa mkono. Jana alilala mchana kutwa. Nilimsikia akivuta pumzi ndefu, ya chini.

Leo asubuhi baridi ilikuwa kali, ya kwanza mwaka huu. Rebeka alikuwa ananipeleka kazini. Vidole vya miguu vikafa ganzi ndani ya viatu, na nikamkumbuka Zakaria, mdogo bado, asubuhi za ukungu. Alikuwa akimwamsha ng'ombe mmoja, anamsukuma, kisha ananiita nisimame miguu mitupu pale ng'ombe alipokuwa amelala. Pana joto pale. Yeye alibaki kwenye umande.

Nililia kwa sauti, ndani ya gari, taa ikiwa nyekundu.  Rebeka alizima redio, akashusha kioo cha upande wangu.