Kabati Bila Milango

Jumanne, 11 Juni

Mlango wa kabati la juu umeniangukia begani asubuhi nikitoa majani ya chai. Safari hii umekuja na bawaba yake. Nimeuweka sakafuni na ile miwili iliyotangulia. Nimekunywa chai nikiitazama kwa chuki.

Hizi si mbao. Ni vumbi lililogandishwa kwa gundi. Mvuke umeivimbisha milango, mingine haifungi, mingine ikifunga haifunguki. Makabati yenyewe mazima, nimeyagonga kila upande. Kinachotakiwa ni milango tu.

Shule imefungwa, mume wangu Chacha yuko shifti mgodini upande wa Genkuru, nafasi ninayo. Nimemwita Fundi Shabani, kijana mwenye karakana nyuma ya soko. Watu wake ni wa Tanga, yeye kazaliwa hapahapa Tarime. Amepima, ameandika kiganjani kwa kalamu, amekubali. Fundi mwingine angetaka kuvunja yote aanze upya.

Alhamisi, 13 Juni

Shabani ameshinda hapa leo. Ameng'oa milango yote, amechonga palipooza, amesafisha matundu ya skrubu. Saa sita ametoka kwenda kuswali, akarudi. Jikoni kumebaki vinywa wazi. Sufuria zote nje nje, hata ile iliyoungua nilikuwa nimeificha.

Milango mipya ni mninga. Keshokutwa anakuja kuifunga. Nimefurahi kama mtoto wa sikukuu. Nakiri.

Ijumaa, 14 Juni

Chacha amepiga simu saa nne. Hakusalimia. "Huyo kijana asirudi."

Nimeuliza kwa nini. Nikauliza tena. "Mume hayupo, fundi anashinda jikoni na mke wa mtu. Watu wanaongea." Watu gani? Akakata.

Nimekuja Tarime kutoka Mugumu nikiwa bibi harusi. Nimeishi wiki zote za shifti za Chacha, nyumba nikiilinda peke yangu, sijampa hata siku moja sababu ya kunishuku. Leo ananiita malaya kwa simu, katikati ya kelele za mitambo. Maana ndivyo alivyoniita, hata kama neno lenyewe hakulitamka.

Shabani naye alishapigiwa. Jioni ameleta milango kwa mkokoteni wa kukodi, imefungwa vizuri kwa magunia. Hakuingia ndani. Hakunitazama. Ameiegemeza ukutani, akasema samahani mwalimu, akaondoka. Aliyeomba samahani ni yeye!

Jumamosi, 15 Juni

Chacha ametuma fundi wake. Mzee Marwa. Seremala wa siku nyingi, mikono mizuri, sina neno naye. Amekuja na boksi la vyombo vya kazi, nimemwamkia, nimemtangulia kumwonyesha kazi. Alipoona ninaelekea jikoni akasimama kizingitini kama aliyeona nyoka.

"Ni humu?"

Ni humu, baba.

Akarudi nyuma hatua kwa hatua hadi uani. Akakaa kwenye kigoda, akaupa mlango mgongo. Huyu mzee alitahiriwa msimu mmoja na baba mkwe wangu. Ni rika moja. Kwa Wakurya, rika la baba mkwe ni baba mkwe. Na baba mkwe haingii jikoni kwa mke wa mwanawe hata nyumba ikiwaka moto. Chacha alimwambia tu kuna kazi nyumbani.

Kwa hiyo mume wangu ametafuta mwanamume wa kuaminika kuliko wote Tarime nzima, akampata. Wa kuaminika kiasi kwamba hawezi kuingia ndani!

Mzee amekunywa chai, amenisikitikia huku akitazama mgomba, amekwenda zake. Boksi la vyombo ameliacha. Nilitaka kulipiga teke. Nimelipangusa vumbi.

Jumapili, 16 Juni

Panya amepita juu ya sahani. Nimeosha zote, nimekwenda kanisani, nimerudi, amepita tena. Nimeosha tena nikimtukana Chacha kwa kila sahani.

Nimejaribu kufunga mlango mmoja mwenyewe. Mninga ni mzito. Nikiushika siwezi kutoboa, nikitoboa siwezi kuushika. Umeniponyoka ukachubuka pembeni. Nimelia. Si kwa sababu ya mlango.

Mahubiri ya leo yalikuwa juu ya uvumilivu. Sikuyasikiliza.

Jumatatu, 17 Juni

Mama Ghati, jirani wa ukuta mmoja, amenikuta bombani. Ameanza kunipa pole. Pole ya nini, wakati sijamwambia mtu? Nikamkazia macho. Akajiumauma, kisha ikamtoka. "Chacha ndiye aliniomba, mwalimu. Alisema akiwa shifti niwe naangalia angalia. Mimi nilimwambia tu kwamba fundi alishinda."

Hakuna watu wanaoongea. Kuna mume wangu aliyeweka mlinzi ukutani, halafu akaniletea habari za mlinzi wake kana kwamba ni maneno ya mji.

Mama Ghati ameapa hakuwa na nia mbaya. Labda. Nimeacha ndoo ikajaa na kumwagika. Sukari yangu aliyoazima asirudishe, na asiazime tena.

Jumatano, 19 Juni

Chacha amerudi. Ameweka begi, ameuliza chakula. Nimemwambia hakuna. Jiko halina milango, na mwenye kuifunga alifukuzwa. Sipiki humo mpaka iwepo. Kama ana njaa, chipsi zinakaangwa stendi.

Akasema ninamvunjia heshima. Nikamwambia heshima ilianza kuvunjika Ijumaa, kwa simu yake. Akarudia wimbo wake. Watu wanaongea, mji mdogo, yeye ananilinda. Macho makavu kabisa. Nilikuwa na jibu ulimini, kwamba watu hao ni Mama Ghati na aliyemtuma ni wewe. Nimelimeza.

Sitamwambia. Nataka kuona kama atasema mwenyewe. Milango naweza kuishi bila. Ila kama mtu huyu anaweza kunidanganya usoni hivi mpaka mwisho, basi sijui niko ndani ya nyumba gani. Nitakwenda Mugumu kwa mama nikafikirie huko.

Amekula chipsi.

Alhamisi, 20 Juni

Nilitaka kuwa na hasira siku nzima. Nimefanikiwa isipokuwa robo saa.

Mzee Marwa alikuja kuchukua vyombo vyake, akamkuta Chacha. Akamkalisha uani. Mimi nilikuwa sebuleni, dirisha wazi, nimesikia yote. "Mura, kijana wangu, ulikuwa na fundi, ukamfukuza. Ukaniita mimi, baba yako. Mimi humo siingii. Sasa aliyebaki ni nani?"

Chacha alisema hajawahi kushika drili. Mzee akasema leo ataishika.

Basi ikawa kazi. Mzee kwenye kigoda chini ya dirisha la jikoni, mgongo kwa ukuta, uso kwa migomba. Chacha ndani, kichwa kimezama kabatini. Mzee anapaza sauti, pima kutoka juu. Chacha anajibu, nimepima. Kutoka juu, mura, si kutoka pale unapopenda! Skrubu zinaanguka. Chacha anatukana Kikurya. Mzee anamkumbusha kwamba anasikia.

Nimecheka. Nimejifunika mdomo kwa kitenge, wasinisikie. Halafu nikakumbuka uongo wake, kicheko kikaisha.

Hadi jioni alifunga mitatu. Mmoja umeinama. Ameniita nikaone. Nimesema umeinama.

Ijumaa, 21 Juni

Amemaliza yote. Mikono ina malengelenge. Ameniomba radhi kwa usumbufu wa milango. Usumbufu! Nikamwuliza kuna kingine. Akatazama chini, akasema hapana.

Nimelala nimempa mgongo. Begi la Mugumu nimelitoa uvunguni, liko wazi kitandani upande wa ukutani. Ameliona.

Jumapili, 23 Juni

Kesho anarudi shifti. Jioni nimebandika maji ya ugali, mara ya kwanza tangu arudi, kwa sababu milango ipo na ahadi ni ahadi. Begi bado wazi chumbani.

Chacha ameingia jikoni. Akabaki. Katika ukoo wao sijaona mwanamume akikaa jikoni mke akipika. Amevuta ndoo, ameigeuza, ameikalia. Nimeendelea na kazi.

Amesema akitazama sakafu kwamba hakuna watu walioongea. Ni yeye aliyemwomba Mama Ghati aniangalie, tangu mwaka jana. Mimi sikuwa na kosa lolote, na Shabani pia. Amesema alikosea, na kwamba kesho asubuhi kabla ya basi atapita karakana kumwambia hivyo.

Nimemwambia nilikuwa najua tangu Jumatatu.

Akauliza kwa nini nilinyamaza. Nikaendelea kusonga, ugali ulikuwa unakaza. Hasira haijaisha. Tangu mwaka jana, amesema. Hilo nitalirudia, si leo.

Nimempakulia pale pale kwenye ndoo, sahani magotini. Amekula mpaka mwisho. Kisha amesimama akaenda kuosha sahani yake, nami nikampisha kwenye sinki.