Kigari Changu na Ng'ombe wa Mahari ya Lefika

S.L.P. 417,
Mogoditshane,
Botswana.
9 Agosti 2023

Mpendwa dada yangu Seipone,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Natumaini hujambo, na kwamba kile kikohozi ulichokilalamikia mwezi wa sita kimekwisha. Huko Cork mnasema ni kiangazi, lakini kwenye picha uliyotuma umevaa koti zito! Huku baridi imeanza kulegea. Segametsi hajambo, ila magoti yanamsumbua akiamka. Mimi ni mzima wa mwili. Hali ya moyo utaiona mwenyewe ukiendelea kusoma.

Ujumbe wako wa sauti tuliusikiliza pamoja mezani, mimi na wifi yako Segametsi. Ulinishukuru kwa kumsimamia mwanao Lefika siku ya kupeleka mahari, kwa kuwa baba yake hayupo tena duniani. Ukanisifu kwamba hata siku ile yenye shughuli nyingi nilisimama njiani kumrudishia mkwe ng'ombe wake aliyepotea. Ukaniomba nikuchagulie gari utakalonunua ukirudi mwakani, na nimsimamie na mdogo wake Warona siku yake ikifika. Segametsi alipiga vigelegele. Mimi nilitoka nje nikajifanya ninaangalia bomba la maji.

Nimeamua kukuandikia kwa kalamu kwa sababu kwa simu nisingeweza. Ningesikia sauti yako, maneno yakageuka mdomoni.

Nianze na gari, maana ndilo uliloniuliza. Unataka gari dogo lililoinuka kidogo, la kwenda nalo kazini na sokoni, na mara mojamoja livute trela kwenda kambini kwa ng'ombe. Unanijua, jambo kama hilo siwezi kulijibu kwa kukisia. Nimeliandika kwenye shajara yangu kwa mwaka mzima, langu na ya wengine wawili.

Langu hilo la Kijapani, la giaboksi ya mkanda inayojibadilisha yenyewe, mjini halina mpinzani. Linakunywa lita sita na nusu kwa kilomita mia. Linapita kwenye mashimo ya barabara yetu bila kugusa chini, na kiti chake hakimchoshi Segametsi. La Mma Tsheko jirani ni la Kikorea, la gia za mkono. Linakunywa zaidi, karibu lita nane, na ndani lina kelele kama kibanda cha bati wakati wa mvua. Lakini analifungia trela lenye kondoo watano na linapanda mlima bila kulalamika. La mwalimu mkuu wetu ni la Kifaransa, la dizeli. Kwa kuvuta hilo ndilo bora kuliko yote matatu, ila likiharibika kitu unasubiri vipuri mpaka unasahau rangi ya gari lako.

Kama ungeniuliza mwezi wa sita, ningekuambia nunua kama langu, wala usisikilize mtu. Ningekutajia na kilo. Nilikuwa nikizitaja kwenye kila msiba na kila harusi, mpaka kaka Disang, mtoto wa baba mkubwa, akaniita "Kilo Mia Saba na Hamsini". Hizo ndizo ambazo kitabu cha gari kinasema linaweza kuvuta, trela na kilichomo ndani yake vikiwa pamoja.

Sasa nikueleze siku yenyewe.

Unajua mahari ya Lefika ilikuwa ng'ombe wanane. Saba tulikusanya kama ukoo, wa nane ni wa mjomba, yaani mimi. Kaka Disang alikodi lori la kuwabeba wote wanane hadi Kanye, na nafasi ilikuwepo. Mimi nikasema wa mjomba atakuja na gari la mjomba. Nilitaka watu wa Kanye waone.

Hesabu niliifanya vizuri, Seipone. Nilichagua mtamba mdogo, nikamkadiria, nikajumlisha na trela la chuma nililoazima, nikaona nimebakiwa na kilo hamsini za usalama. Lakini jioni ile kambini niliposimama na wanaume wenzangu zizini, nikawaona wale saba walivyo wakubwa, mtamba wangu akaonekana kama mbuzi. Ng'ombe wa mjomba ndiye anayetazamwa na kila mtu. Nikasema mwacheni huyo, nileteeni yule mwekundu mwenye mimba. Unamkumbuka mama yake, yule wa pembe moja. Hesabu yangu nikaiacha palepale penye mtamba.

Disang alimtazama yule mwekundu, akalitazama gari langu, akaniita kwa cheo changu cha shughuli ile.

"Mjomba, huyo mpandishe kwenye lori."

"Atapanda trela langu."

"Kwani kigari hicho kitamvuta ng'ombe, au mwisho ng'ombe ndiye atakayekivuta?"

Wanaume wakacheka mpaka wakashika mikanda. Nami nikamjibu kwa sauti ili wasikie wote, "Kitabu kinasema kilo mia saba na hamsini. Pikapu yako ina kitabu?"

"Kitabu chake kililiwa na panya zamani. Tangu hapo inavuta tu."

Kicheko hicho nililala nacho.

Unajua utaratibu wa kule kama ulivyo kwetu: ng'ombe waingie jua halijatoka, na idadi yao isiwe witiri, kama saba au tisa. Tuliondoka mapema, lori mbele, mimi nyuma. Mpaka Moshupa gari lilikwenda vizuri, nikaanza hata kupiga mluzi. Baada ya Moshupa barabara inapanda. Yule mwekundu akawa anahama upande hadi upande, trela linanisukuma mkia. Nikakanyaga mafuta, injini ikapiga kelele nyingi lakini mwendo ukazidi kupungua. Kisha taa nyekundu ikawaka na gari likakataa kabisa, giaboksi imepata moto. Harufu yake kama ya pasi iliyosahauliwa juu ya nguo. Nikasogea pembeni. Kanye ilikuwa kilomita sita mbele.

Hapa ndipo palipo na aibu yangu. Gari kuharibika hakumvunjii mtu heshima. Simu yangu ilikuwa na chaji na mtandao ulikuwepo. Lori lilikuwa limeshafika, lingeweza kugeuka na kumchukua ng'ombe kwa muda mfupi tu, jua likiwa bado chini. Disang mwenyewe alinipigia.

"Uko wapi, mjomba? Tumesimama getini."

Nikamwambia, "Niko nyuma yenu tu. Nakuja."

Sikutaka kusikia kicheko kile tena. Nikakaa ndani ya gari nikisubiri giaboksi ipoe, nikijiambia dakika tano zaidi, dakika tano zaidi. Alipiga mara ya pili nikamwambia vilevile. Mara ya tatu sikupokea. Nikaona mashariki kunakuwa peupe, kisha kwekundu, na mimi bado nimeshika usukani wa gari lisilokwenda.

Yaliyotokea getini sikuyaona. Alinisimulia Disang baadaye, naye siku hiyo hakuwa akicheka. Wamesimama na makoti yao, kofia mkononi, ng'ombe saba. Shangazi za bibi harusi wanawarushia maneno kutoka ndani.

"Nyie wageni, mmekuja kuoa au kuota moto?"

"Hesabuni tena, labda mmoja kajificha nyuma ya mwenzake!"

Disang anasema Lefika alikuwa anawahesabu ng'ombe upya na kutazama barabara. Wakati ule Rre Mokgalo, mjomba wa bibi harusi wetu Onalenna, akatoka kuwatazama. Ni mzee mfupi, mkimya, hata usingemtambua kati ya watu. Akahesabu kwa macho, akatazama mashariki, akamuuliza Disang kwa sauti ya chini, "Mjomba wenu yuko wapi?"

"Amesema yuko nyuma yetu tu, Rra."

Mzee akageuka. Akazunguka nyuma ya boma kwenye zizi lake mwenyewe, akarudi akimswaga ng'ombe mmoja mweusi, akamwingiza katikati ya wale wetu palipokuwa bado na giza kidogo. Akarudi getini akasema kwa sauti, "Nane. Fungueni."

Mwanao ameoa kwa ng'ombe wa upande wa mkewe, Seipone. Kwa sababu mimi niliogopa kuchekwa.

Mimi nilipoona jua limetoka nilimshusha yule mwekundu, nikamfunga kamba, nikaanza kumswaga kwa miguu, na suti yangu ya harusi na viatu vyangu vya kamba. Sijui nilikuwa nafikiri nini. Nadhani nilitaka tu nisifike mikono mitupu. Kwenye mji wenyewe wanawake walikuwa wanafagia viwanja. Mmoja akaniita, "Rra, unauza maziwa au umefukuzwa na mkeo?" Watoto wakanifuata wakipiga makofi. Niliyastahili.

Nilipofika getini shughuli ilikuwa imeshachanganya, watu wamejaa, nyama inapondwa vyunguni. Wote wakageuka. Nikafungua mdomo niseme, sijui ningesema nini. Rre Mokgalo akanitangulia. Alikuja haraka kuliko nilivyodhani anaweza kutembea, akaishika ile kamba mkononi mwangu.

"Jamani, mtazameni bwana huyu! Ng'ombe wangu ninayemtafuta tangu juzi, ameniletea kwa miguu yake!"

Watu wakashangilia. Wakanivua koti lenye vumbi, wakanipa kiti mbele karibu na wazee, wakaniletea nyama ya kuponda na ugali wa mtama. Lefika akaja akanishika mikono miwili, macho yamelowa.

"Mjomba, kumbe ulichelewa kwa sababu ya kumsaidia mtu! Mimi nilianza kukuwazia vibaya."

Nami nikamwacha aamini. Nikala na nyama. Hilo ndilo alilokusimulia kwenye simu, kwa moyo safi, nawe ukalirudisha kwangu kama sifa.

Jumapili mbili baadaye nilirudi Kanye kwa basi. Nilimkuta mzee anafunga ua wa miiba. Nikapiga goti nikamshukuru kwa kunifichia aibu. Aliendelea kufunga ua mpaka nikamaliza.

"Usinishukuru, Rra. Sikukufichia wewe. Mtoto wetu angeambiwa maisha yake yote kwamba aliolewa kwa ng'ombe saba na ahadi. Wewe ulikuwa umesimama tu mahali hapo."

Nikamuuliza kama nitaruhusiwa kumwambia Lefika ukweli. Akasema, "Kwetu limekwisha. Mwekundu wako yuko zizini mwangu, mweusi wangu yuko kwenye mahari. La kijana wenu ni la kwenu." Kisha akanipa upande wa pili wa waya nivute, tukafunga ua hadi mchana bila kuzungumza jambo lingine.

Kwa hiyo, dada yangu, gari la kununua ni kama la Mma Tsheko, la gia za mkono. Vumilia kelele na mafuta. Kama huwezi gia za mkono, nunua kama langu, lakini usifungie kitu kizito kuliko trela la matofali machache au mbuzi wawili, na kabla ya kuondoka pima kilichomo kweli, si kile ulichopanga kukiweka. La kwangu giaboksi imebadilishwa na linakwenda vizuri kazini na kurudi. Halina kosa lolote.

Kuhusu Warona, naomba umwambie Disang amsimamie. Mimi nitakuwepo, nitapanda lori pamoja na ng'ombe.

Jumapili hii Lefika na Onalenna wanakuja kula kwetu. Segametsi nimeshamwambia yote jana. Aliniuliza tu kama nitachinja kuku au nitanunua, nikajua ananingoja nifanye lililobaki. Nitamtoa Lefika nje baada ya chakula, nitamwambia kama nilivyokuambia wewe, pamoja na simu tatu za Disang.

Nisalimie rafiki yako Mma Pelotona na watoto wake, na yule mama mgonjwa unayemhudumia, mwambie kwamba kitambaa alichonitumia nakivaa shingoni hata sasa. Kaka Disang na mama mkubwa wanakusalimu. Mungu akulinde katika zamu zako, akurejeshe kwetu ukiwa na afya.

Barua hii itachukua wiki mbili au tatu kukufikia, kwa hiyo ukiisoma, Jumapili hiyo itakuwa imeshapita. Usinipigie mimi kwanza. Mpigie Lefika, umuulize habari za mjomba wake. Akinisifia tena kwa ajili ya ng'ombe yule, basi ujue nilishindwa mara ya pili, na umwambie ukweli wewe mwenyewe.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye kama zamani,

Keoagile