Fomu Kwanza

Jumatatu, 3 Juni

Siku ya kupima watoto hapa zahanati. Mizani imekwama tena, nimeipiga ngumi ikatii. Miguu inawaka moto.

Mchana kaja Zuhura, yule binti wa juu kwenye migomba. Miaka kumi na tisa. Mgongo umechanika kwa fimbo, damu imegandana na gauni. Kobelo, mjomba wake, kagundua ana mimba. Aliyempa kaenda Dakawa kuvuna mpunga, simu haipatikani. Kaninong'oneza kama naweza kumsaidia itoke. Nikamwambia sheria ni jela, mimi muuguzi na yeye. Mgongo nao sikuugusa. Mtu aliyepigwa alete fomu ya polisi kwanza, ile PF3, ndiyo atibiwe. Polisi wako chini mjini na nauli hana. Kaondoka anachechemea.

Ndivyo tunavyofanya miaka yote.

Jumatano, 5 Juni

Chai imeungua. Nina hasira na kila mtu.

Mama yake Zuhura kapita na ndizi zake. Nimemuuliza kama binti kaenda polisi. Kaangalia chini. Huku mlimani mtoto ni wa ukoo wa mama na mwenye kauli ni mjomba. Miaka kumi na moja niko hapa, sijazoea. Ukoo wao umebakiwa na binti mmoja tu, huyo huyo, na Kobelo anataka azae na mtu aliyemchagua yeye. Nikamshauri mama aoshe mgongo kwa maji ya chumvi. Ushauri wa kijinga.

Alhamisi, 6 Juni

Damu.

Wamemleta asubuhi kwa machela. Kanga tatu zimelowa. Kobelo kamkanyaga tumboni na katambuga zake za tairi, mbele ya mama mtu. Alama za tairi zimejichora kwenye ngozi. Mimba imetoka nusu, damu haikati.

Lema, tabibu wetu, kagoma kuingia. Eti hii ni kesi ya kutoa mimba, tutafungwa. Nikamtukana matusi ambayo sijayatumia tangu nizaliwe. Anayevuja damu anahudumiwa, mimba iwe imetoka vipi. Mwongozo umebandikwa ukutani, nyuma ya kiti chake mwenyewe. Kaingia. Dripu mbili. Bado inatoka. Ikabidi apelekwe mjini, hospitali ya mkoa.

Hatujamnyanyua, Kobelo kafika na mtendaji wa kijiji. Kasema mpwa wake kanywa mizizi katoa mimba, akamatwe. Muongo mkubwa. Kaua kwa miguu, anajificha nyuma ya sheria. Kamkamata Zuhura nywele, kamvuta mpaka sindano ya dripu ikachomoka. Nikamng'ata mkono hadi nikaonja damu yake. Kanipiga fimbo ya paji la uso, nikaanguka kwenye ndoo ya uchafu. Akina mama waliokuwa foleni wakaweka watoto chini. Wakamshukia na miavuli, mabenchi, mateke. Jino lake liliruka mpaka mlangoni. Alilia kama mbuzi.

Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Mtendaji nikamfunulia lile tumbo. Kaangalia alama, kaangalia miguu ya Kobelo. Akatoka nje kutapika. Aliporudi alishika upande mmoja wa machela, wakamteremsha Zuhura hadi barabarani.

Lema kanishona hapo hapo. Nyuzi saba.

Ijumaa, 7 Juni

Kichwa kinapasuka. Jicho la kushoto limefumba. Kobelo yuko mahabusu. Haitoshi. Nataka alazwe chini nimkanyage mimi.

Jumapili, 9 Juni

Nimeshuka mjini. Zuhura yu hai. Kizazi wamekitoa, kilikuwa kimepasuka.

Mama yake hakulia. Kasema tu, kaka yangu kamaliza ukoo. Kisha akaendelea kummenyea binti chungwa.

Askari kaja wodini na swali lake, binti alikunywa dawa gani. Nikampa daftari la zahanati. Nimeandika kipigo, nimeandika alama za tairi, mtendaji kasaini chini. Kasoma mara mbili, kakunja karatasi zake kaondoka.

Zuhura alikuwa macho. Hana hata tone la chuki, bora angenitemea mate. Kaniuliza, "Mama, ile fomu bado inatakiwa?"

Nilienda chooni nikapiga ukuta mpaka vidole vikavimba.

Alhamisi, 13 Juni

Ukungu tangu alfajiri. Wagonjwa wachache.

Lema kanitoa nyuzi. Ana mkono mwepesi. Nikamuuliza siku ile mbona alinishona bila PF3, na mimi nilikuwa nimepigwa. Kashangaa. Kasema, si ulikuwa unavuja damu.

Nimenawa mikono. Nimemwita anayefuata.