Karatasi Iliyosema "Juu"

Kawajense, Mpanda

Mjukuu wangu Neema,

Huku hatujambo, babu yako yuko Magamba anavuna mahindi. Barua yako imenishtua hadi nikamwaga uji. Eti majibu ya tezi ya shingo yamesema "juu", nawe ukajipunguzia vidonge?

Miaka ya tisini, nikiwa bibi harusi, mimi na wifi yangu Kabula tulivimba shingo. Damu zetu zikaenda Tabora kwa treni. Majibu yangu yakarudi "juu", yake "chini". Nesi akasema vidonge vyangu vinaongeza homoni ya tezi, vyake vinaipunguza. Tukacheka: amechanganya huyu! Mwenye juu aongezewe tena? Tukabadilishana vidonge.

Mwezi haukuisha, Kabula akaanguka kwenye majaruba ya mpunga, moyo unamkimbia. Mimi hata kuinuka mkekani nilishindwa.

Daktari alishika kichwa. "Nyie! Namba hiyo ya majibu ni sauti ya ubongo unaoiamsha tezi. Tezi ikilala, ubongo hupiga kelele, namba inapanda!"

Mjukuu wangu, kesho rudi kwa daktari na karatasi yako.

Kabula alipona. Ila mpaka leo nikimpa hata kikombe cha chai, huuliza kwanza: "Wifi, una hakika hiki ni changu?"

Bibi yako