Amekuja Kuchukua Radhi ya Mama

Jumapili, adhuhuri imeshapita. Jua kali, upepo hata wa kutikisa kanga kambani hakuna.

Na wali mgeni wetu hakula. Mama kampakulia mwenyewe, samaki wa nazi juu, yeye anaugusagusa tu, anasema tumbo si zuri. Mtu katoka Dar mpaka Mlingotini, tumbo si zuri. Na muda wote simu yake kaiegemeza kwenye jagi la maji, kioo kinamtazama mama.

Mimi nilikaa mlangoni nikawa naiangalia ile simu.

Huyu ni Bwana Faraji, meneja wa kaka yangu Hamadi. Ndiye aliyempeleka Ulaya kucheza mpira wa kulipwa. Tangu ampeleke hajakanyaga hapa, hata msiba wa baba hakuja. Leo kaja na kanga na mfuko wa sukari.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba, karibu."

"Nimesema nipite tu nikusalimie, mama yangu."

Nipite tu! Mlingotini hapapitwi. Ukishafika hapa mbele yako ni bahari.

Niandike kilichotokea, labda kichwa kitatulia. Juzijuzi Hamadi alicheza ugenini. Kila akigusa mpira, jukwaa zima linatoa mlio wa nyani. Refa kimya. Mwisho Hamadi akaenda katikati ya uwanja, akakaa chini. Wachezaji wawili weusi wa timu ile nyingine wakaja wakakaa naye. Mechi ikavunjika. Sasa klabu yake inataka aombe msamaha hadharani, asipoomba hachezi tena.

Hapa kijijini kila mtu ana lake. Kwenye kahawa Mzee Bakari, muuza samaki, alisema, "Kazi ni kazi. Kapelekwa kucheza, acheze."

Mudi, kapteni wa timu yetu ya hapa kijijini, akamuuliza, "Kwa hiyo mzee wangu ukiitwa nyani sokoni, utaendelea kupanga samaki?"

"Nitaendelea. Samaki wanaoza."

Watu wakacheka. Halafu mmoja akasema, "Na sisi hapa tunaomcheka mwenzetu kwa weusi wake je?" Kila mtu akaangalia kikombe chake.

Mimi si msemaji, hata salamu huwa naipanga kwanza kichwani.

Alhamisi tulikuwa na mechi na vijana wa Msata. Mimi ni golikipa. Mudi akasema kabla ya kuanza tukae chini katikati, kama Hamadi. Sikupenda, maana sipendi kutazamwa. Lakini nilitoka golini nikaenda kukaa nao.

Wale wa Msata walivyotuona tumekaa kwenye duara, wakakataa kuanza.

"Refa, hawa wamezika kitu!" kapteni wao anapiga kelele. "Huu ni uchawi, tunaujua!"

Refa akawaeleza habari ya ubaguzi, wapi. Shabiki wao akaja na jembe, akaanza kuchimba katikati ya uwanja.

Mudi akamwambia, "Chimba shemeji, ukikuta mihogo tugawane."

Tulicheka mpaka refa naye akacheka. Shimo likafukiwa, tukacheza, tukafungwa. Lakini mtu alikuwa anachukua video, ikafika kwa Hamadi. Akanitumia sauti. Anacheka huku sauti inamkatika. "Mdogo wangu, mmekaa chini kwa ajili yangu? Basi siombi msamaha."

Hiyo ilikuwa Ijumaa. Leo Jumapili meneja yuko kwetu na sukari.

Asiniambie mtu haya mambo hayahusiani.

Alipoona chakula kimeondolewa, ndiyo akatoa lake. Akamwambia mama Hamadi kazini hasikii la mkubwa, kawa jeuri. "Mama, mwambie neno moja tu, nikurekodi hapa kwenye simu. Mwambie bila kuomba msamaha, radhi zako hana."



Hamadi anaweza kumkatalia kocha. Hata mimi ananikatalia. Mama hajawahi kumkatalia. Mama akitamka kwamba hana radhi naye, Hamadi ataomba msamaha kwa wale waliomwita nyani, na atatembea na hilo maisha yake yote. Bwana Faraji analijua hilo. Kuna mtu kamwambia, au Hamadi mwenyewe alimwambia siku walizokuwa wanaelewana.

Na mama hajui kitu, wenye kujua wanamficha. Anajua mwanae kagombana na wakubwa tu. Hamadi aliniapisha. "Usimwambie mama, presha itampanda. Nani anataka mama yake asikie mambo yale?" Nikaapa.

Mama akanitazama. Mimi nikatazama mkeka.

Akamwambia yule bwana asubiri, kwanza anakwenda Mbegani kumjulia hali mama mdogo, ana homa. Akirudi atasema.

"Wala usihangaike kurudi, mama. Nitakufuata huko huko."

Huko huko. Mbali na mimi. Aliposema hivyo alinitupia jicho mara moja.

Lakini nisimshuku yeye peke yake. Kuna upande wangu unataka Hamadi aombe msamaha yaishe. Bati hili juu yangu kaliezeka yeye. Glavu zangu kanunua yeye. Nilipotazama ule mkeka, sina hakika nilikuwa nalinda kiapo au nalinda bati.

Hilo limeniuma kuliko yote ya leo.

Presha ya mama naiogopa. Nimevitia vidonge vyake mfukoni. Lakini mtu akiombwa atoe radhi yake, si ajue kwanza anaitoa kwa nini?

Hamadi, utanisamehe au hutanisamehe, tutajua baadaye.

Mama kashaondoka, simu yake iko hapa kitandani, kaisahau kama kawaida yake. Na haya si maneno ya simu. Mudi kashafika na pikipiki, anapiga honi nje.

Naondoka sasa. Yule bwana kasema atamfuata mama akishaswali alasiri, na adhana ndiyo hiyo inaanza. Nataka akiingia uani kwa mama mdogo na simu yake mkononi, mama awe ameshajua mwanae alikaa chini kwa sababu gani.